Hakuna atakayepepesuka

Shoga yangu Mwaju,

Za siku? Mie nimecheka mpaka machozi na ile voisi yako, eti tangazo la kazini limesema lanchi zitakuwa "staggered", we ukafungua kamusi ukakuta kupepesuka, ukaanza kujiuliza kwani watu wanaenda kula au wanaenda kilabuni. Hapana bwana. Hapo maana yake mtakula kwa kupishana, wewe saa sita mwenzio saa saba, ili mapokezi pasibaki patupu, basi.

Ila kamusi haijakudanganya. Stagger yenyewe ni hiyohiyo ya mlevi saa nane usiku, au mtu kala ngumi ya kidevu, au kuli na gunia la mchele mgongoni, miguu inaenda huku mwili unaenda kule. Lakini hajaanguka huyo, bado anaenda! Ndo maana hata kampuni imejaa madeni na inajikongoja hivyohivyo wanaitumia.

Ukitaka kuziona zote mbili nenda kwenye riadha (unanijua na riadha zangu). Olimpiki ya London 1908, Muitaliano Dorando Pietri kaingia uwanjani wa kwanza kwenye marathoni, kachoka hajijui, akapotea upande, akawa anapepesuka anaanguka ananyanyuliwa, mpaka wakamsaidia kuvuka mstari, halafu ushindi wakamnyang'anya kwa vile alisaidiwa. Hiyo ya miguu. Sasa cheki mita 400 zikianza, hawasimami mstari mmoja, wa leni ya pili anawekwa mbele mita 7.04 maana kona yake ni ndefu, na hiyo nayo ni stagger ileile ya lanchi yenu, kupishanisha tu. Olimpiki ya Munich 1972 John Akii-Bua wa Uganda alipangiwa leni ya kwanza kwenye mita 400 za viunzi, wenzie wote anawaona migongo, na akawafuata mmoja mmoja akamaliza kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Mpaka leo nikiitazama nywele zinasimama.

Aa, na ukikuta bei wameiita "staggering" ujue ni ile ya kukuacha mdomo wazi, unasema nimechoka mie.

Sasa fanya haraka ukajiandikishe saa sita, wali wa saa saba unakuwaga ukoko mtupu.

Wako,
Rehema