Pombe ya mchele inanukia ndizi

Mangi vipi, Moshi hawajambo?

Mi bado niko huku Kobe, Japani, baridi imekaza balaa. Jumamosi nilienda Nada, ndo mtaa wa viwanda vya sake, hiyo pombe yao ya mchele, tangu enzi za mababu zao, nikakukumbuka wewe na mbege ya bi mkubwa.

Sikia sasa. Nikamiminiwa daiginjo, sake yao ya daraja la juu, kwenye kiglasi, ya baridi, nyeupe kama maji, nainusa hivi nikacheka peke yangu, ndizi mbivu kabisa! Nikamuuliza dada anayetutembeza, mmeweka ndizi humu? Akasema wapi, ni mchele, maji, hamira na koji basi. Koji ni ukungu bana, wanaupanda kwenye mchele uliopikwa kwa mvuke, unageuza wanga kuwa sukari, kazi ya kimea ile, ila kwao sukari inatoka na hamira inaila humo humo kwenye pipa moja, ndo maana kilevi kinaweza kufika karibu asilimia 20 alafu wanatia maji kishuke 15, 16. Hiyo ndizi inaletwa na hamira yenyewe, inafanyishwa kazi taratibu kwenye baridi, nyuzi 10 hivi, mwezi mzima na zaidi, mbege si ingeshakuwa siki!

Kilichoniacha hoi ni mchele. Unakobolewa mpaka ibaki nusu ya punje au chini ya hapo, eti huko nje kuna mafuta na protini zinaharibu harufu. Aliniwekea punje kiganjani, ya Yamada Nishiki, aina ya mchele wa sake, imebaki kama kashanga keupe. Hebu mwambie bi mkubwa akoboe ulezi wake hivyo uone kama hujatimuliwa na mwiko (unga wa mchele huo hawautupi lakini, unatengenezewa biskuti).

Chumba cha koji sikuingia. Niliulizwa asubuhi nimekula natto, yale maharage ya soya yanayovutika kama mlenda, nikajibu ndiyo tena kwa sifa nikidhani ananipima ujapani, kumbe bakteria wa natto wanaharibu koji. Wenzangu wakaingia, mi nikachungulia kioo.

Mdomoni inapita laini, utamu kidogo, alafu inakata haraka, haiachi ukakasi. Mi naona wanaoipasha moto hii ya bei wanaiua, harufu yote inapaa.

Chupa yako ninayo. Nakuja mwezi wa nne, acha nafasi kwenye friji, na bi mkubwa anuse kwanza kabla hujamwambia ni ya nini.