Nyama tupu kila siku: Wamasai msiwasingizie

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo la watu kula nyama tupu limefika mpaka mlangoni kwangu na nimeona nisikae kimya. Mimi nauza nyama hapa Arusha, bucha ni yangu na mke wangu, kwahiyo msomaji ajue kabisa kwamba mtu akiamua kula nyama asubuhi mchana na jioni mimi ndo naingiza hela, na bado nasema hii daiti inavyofundishwa mitandaoni inaumiza watu, hasa wenye kisukari.

Wateja wa namna hii wameongezeka. Anakuja mtu anataka kilo mbili za steki, ukimuuliza kuna shughuli nyumbani anakwambia hapana, nimeacha wanga, nimeona klipu. Hamna ugali, hamna wali, hamna mchicha, hata chungwa hamna, ni nyama, mayai, chumvi na maji basi. Huko Marekani yupo daktari wa mifupa anaitwa Shawn Baker ambaye ameitangaza sana, halafu wa kwetu wanachukua maneno yake wanayaweka kwenye magrupu ya WhatsApp na kuongezea ya kwao, na kuna hoja moja hawaikosi kamwe: mbona Wamasai wanakula nyama tu na hawaumwi?

Hapo ndo pananiuma, maana Wamasai sisi tunaishi nao, ng'ombe tunanunua kwao mnadani, chakula chao tunakijua. Mmasai wa zamani chakula chake kikubwa kilikuwa maziwa, mabichi na ya mgando yaliyokaa kwenye kibuyu, damu kwa wakati wake, na nyama ilikuwa na sababu yake, kuna sherehe, kuna mgonjwa, kuna mama amejifungua, au vijana wamekwenda orpul huko porini wanachinja na kula mpaka nguvu zirudi. Mfugaji hachinji ng'ombe kila siku, ng'ombe ndo akiba yake, ndo mahari, ndo ada ya shule. Na hata hiyo nyama ya orpul hawali kavu kavu, wanapika supu na magome na mizizi ya miti, olkiloriti na mingineyo, kila mti na kazi yake. Nafaka nazo walikuwa wanapata kwa majirani wakulima, hasa kwa ajili ya kina mama na watoto. Leo ukienda boma nyingi unakuta ugali, unakuta loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, unakuta chai ya maziwa yenye sukari nyingi tu.

Najua watu wa daiti wanapenda kutaja utafiti, na upo kweli. Mwaka 1964 daktari mmoja Mmarekani, George Mann, na wenzake walitoa matokeo ya kuwapima wanaume 400 wa Kimasai hapa Tanganyika, wakakuta kolesteroli (mafuta ya kwenye damu) iko chini na dalili za ugonjwa wa moyo karibu hakuna. Hiyo inasambazwa sana. Isiyosambazwa ni ya 1972, Mann huyo huyo na wenzake waliangalia mioyo na mishipa ya wanaume 50 wa Kimasai waliokufa, wakakuta kuta za mishipa ya moyo zimenenepa kwa mafuta sawa na za wazee wa Marekani, ila mishipa yenyewe ilikuwa imetanuka kadiri mtu anavyozeeka ndo maana damu ilikuwa inapita, na Mann aliona sababu ni mwili uliozoea kutembea sana. Sasa mtu anashinda kwenye kiti ofisini au kwenye bodaboda anataka moyo wa mtu anayetembea na mifugo kutwa nzima, na maziwa yenyewe kayaacha, anasema anakula Kimasai! Na wale wanaosema mababu zetu wawindaji walikula nyama tupu waende Ziwa Eyasi wakawaone Wahadzabe, wawindaji hasa, wanachimba mizizi, wanakula ubuyu, matunda ya porini na asali kwa wingi.

Lakini sitaki nionekane nasema nyama ni sumu maana si kweli, na familia yangu inakula. Nyama ina protini nzuri, ina vitamini B12 ambayo kwenye mboga huipati, ina zinki, na madini chuma yake mwili unayachukua kirahisi kuliko ya kwenye majani, ndo maana mjamzito mwenye upungufu wa damu akishauriwa kula nyama ni ushauri mzuri kabisa (ila ini asile kila siku, lina vitamini A nyingi mno na ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni). Na mtu akiacha ugali mkubwa, soda na maandazi, sukari kwenye damu inashuka, anashiba muda mrefu, kilo zinapungua. Hayo wanayosema watu wa nyama ni ya kweli na nimeyaona kwa wateja. Tatizo ni kwamba kinachoshusha sukari pale ni kupunguza wanga, na wanga unaweza kuupunguza huku bado unakula mchicha, matembele, parachichi na samaki, hakuna anayekulazimisha kufukuza mboga zote jikoni.

Kuna kitu kingine ambacho mimi kama muuza nyama nakiona kuliko hao walimu. Watu wetu wanaingia kwenye nyama tupu halafu wanasema niondolee mafuta yote, nipe steki nyeupe isiyo na kitu. Mwaka 1928 huko New York, hospitali ya Bellevue, msafiri mmoja Vilhjalmur Stefansson aliyewahi kuishi na Wainuit, wenyeji wa nchi za barafu za kaskazini, alikubali yeye na mwenzake kula nyama tu mwaka mzima huku madaktari wakiwapima. Walimaliza mwaka wakiwa wazima, hiyo nayo inatajwa sana, lakini mwanzoni kabisa Stefansson alipewa nyama isiyo na mafuta na ndani ya siku chache akaugua, tumbo la kuhara na kichefuchefu, mpaka aliporudishiwa mafuta ndo akapona. Mwaka mzima wale watu walikuwa wanakula mafuta kiasi kwamba sehemu kubwa ya nguvu yao ilitoka huko. Kwahiyo huyu wa steki nyeupe kwangu anafuata njia ambayo hata mwenye njia ilimshinda. Na akisema basi nipe na mafuta, wapo ambao kolesteroli mbaya inapanda sana, na haisikiki mwilini, mpaka upime.

Vitamini C ndo usiseme. Wainuit walikuwa wanakula nyama na ngozi ya nyangumi bila kupika, wakapata humo. Sisi hapa nyama lazima iive vizuri, kuna tegu, kuna kimeta, mimi mwenyewe nikikata paja naanza kumuonyesha mteja muhuri wa mkaguzi kwanza ndo napima, na bado namwambia kapike iive. Ikishaiva hivyo hiyo vitamini kidogo iliyokuwemo inapungua zaidi. Nyuzinyuzi hazimo kabisa, wakati Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku, matokeo yake wateja wananilalamikia choo hakipatikani, mtu anakaa siku nzima tumbo limejaa. Wenye gauti wakichanganya nyama nyingi, maini, figo na bia za jioni, kidole gumba cha mguu kinavimba hata shuka hawezi kujifunika. Wenye figo ambazo tayari zimechoka protini nyingi inaziongezea mzigo, na wengi wenye kisukari na presha hawajui kama figo zao zimeguswa kwasababu hawajapima.

Halafu saratani. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliziweka soseji na nyama nyingine za kusindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, wakasema kila gramu 50 kwa siku zinaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18, na nyama nyekundu ya kawaida wakaiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha. Na sisi tunapenda ile ya kuchoma mpaka pembeni imekuwa mkaa, hiyo nyeusi ikate uitupe jamani.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Kuna mama mmoja mteja wangu wa siku nyingi, anajichoma insulini. Aliingia kwenye grupu moja la kulipia, akaambiwa aache wanga wote kesho yake, hakuna aliyemuuliza anatumia dawa gani. Akaacha ugali akaendelea na dozi ile ile ya insulini. Alfajiri binti yake akamkuta amekaa sakafuni, jasho linamtoka kanga imelowa, mikono inatetemeka, anaongea maneno hayaeleweki. Bahati binti alijua, akakoroga sukari kwenye maji akamnywesha kidogo kidogo akazinduka. Insulini ile ilikuwa imepimwa kwa mtu anayekula ugali, kwahiyo sukari ilishuka kupita kiasi, na vidonge vya kisukari kama glibenklamaidi navyo viko hivyo hivyo, vinashusha sukari hata kama hujala wanga. Wapo na wanaofanya kinyume, wiki ya kwanza kipimo kimekaa vizuri wanatupa dawa zote, halafu ukifika msimu wa harusi wanarudia pilau na sukari inapaa hawana hata kidonge ndani.

Kwahiyo Mhariri ombi langu ni moja, ule ukurasa wenu wa afya mtafuteni daktari wa kisukari na mtaalamu wa lishe waandike kwa lugha nyepesi, mtu anayetumia dawa akitaka kupunguza wanga aanzie wapi, dozi inapunguzwa na nani, apime nini kabla, figo, kolesteroli, na apime sukari mara ngapi zile wiki za mwanzo. Mkiitoa nitaikata niibandike ukutani pale bucha, juu ya mzani, na wale wenye magrupu nawaomba swali la kwanza kwa kila anayejiunga liwe unatumia dawa gani, kabla hata ya kupokea hela yake.

Wenu,
Mwenye bucha,
Arusha