Ndugu Mkurugenzi Mkuu, nguvu ya redio ipimwe pamoja na antena

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni fundi mkoani Morogoro. Nafunga vifaa vya kupima maji kwenye matangi na visima vya wakulima. Kila kifaa hutuma taarifa kwa moduli ya redio yenye ukubwa wa stempu ya barua, na ni nguvu ya moduli hizo iliyonifanya nikuandikie.

Msimu uliopita niliitwa kwenye shamba ambako kifaa nilichokifunga mwenyewe kilikuwa kimeacha kutuma. Sababu niliiona nikiwa bado njiani: mahindi yalikuwa yameipita antena kwa urefu, na majani mabichi hunyonya mawimbi. Dawa yake ni kuinua mlingoti. Lakini alishanitangulia fundi mwingine, naye aliamua kuongeza nguvu. Nilipofungua kisanduku nilikuta moduli ngeni iliyoandikwa 915 MHz (megahezi, yaani masafa inayorushia), 30 dBm, na juu yake antena ya desibeli 5, yaani inayokusanya nguvu kuelekea upande fulani hadi mara tatu hivi.

dBm ni kipimo cha nguvu ya redio kwa desibeli, na 30 dBm ni wati 1 kamili. Ukiweka na antena ile, nguvu inayokwenda upande inakoelekea inapita wati 3. Moduli yangu ilikuwa ya megahezi 868 na miliwati 25, kiwango kinachotumika Ulaya kwa vifaa vingi vya masafa hayo.

Kinachoniumiza zaidi ni hiyo 915. Marekani wameacha megahezi 902 hadi 928 kwa vifaa vya namna hii. Huku kwetu, 890 hadi 915 ndiyo njia ambayo simu za GSM hupitia kwenda mnarani. Mnara umetegewa kusikia simu dhaifu ya mama aliye bondeni, kilomita kadhaa kutoka hapo. Moduli za LoRa (aina ya redio ya kutuma taarifa mbali kwa nguvu ndogo) zilizopangwa Kimarekani hurusha kati ya 902.3 na 914.9, yaani ndani kabisa ya njia hiyo. Sasa hebu fikiria wati kadhaa zinapiga kelele karibu na mnara huo.

Yule fundi simlaumu sana. Alinunua kilichokuwa dukani, na hakuna karatasi ya Kiswahili iliyomwambia lolote. Hata fundi mwenye nia ya kufuata sheria hukwama, kwa sababu anasoma namba ya moduli na kuisahau antena. Kwa kipimo cha Ulaya, miliwati 25 ni 14 dBm, na hesabu hiyo inachukulia antena ya kawaida ya desibeli 2 na kidogo. Ukifunga ya desibeli 5, moduli inabidi ishushwe hadi 11 hivi. Wengi wanaiacha 14 na kuamini wako salama. Tena namba yenyewe ni mstari mmoja tu kwenye programu. Mwenye kompyuta anaibadilisha kwa dakika moja, na cheti cha kifaa kinabaki vilevile.

Madhara yake yameshaonekana kwingine. Mwaka 2009 huko San Juan, Puerto Rico, rada ya hali ya hewa inayohudumia uwanja wa ndege ilivurugwa na vifaa vya intaneti vya gigahezi 5 vilivyofungwa nje.

Kwa hiyo naomba, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, moduli inapoletwa kuidhinishwa ipimwe pamoja na antena itakayouzwa nayo, na programu yake ifungwe ili namba isipandishwe kiholela. Naomba pia jedwali la masafa na viwango liandikwe kwa Kiswahili, kwa miliwati na kwa desibeli, karatasi moja ya kubandikwa ukutani. Maduka ya vipuri yalazimike kuibandika. Na mafundi tufundishwe jambo hili dogo: mahali palipo wazi, kuongeza umbali mara mbili kunadai nguvu mara nne, wakati mita mbili za bomba chini ya antena zinaweza kumaliza tatizo bila kumsumbua mtu.

Pale shambani nilirudisha moduli ya miliwati 25 na kuinua mlingoti juu ya mahindi. Tangu hapo inatuma kila baada ya dakika kumi na tano. Ile ya wati 1 ninayo, ndani ya kisanduku chake, na niko tayari kuileta kwa wataalamu wako waipime.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa vifaa vya redio, Morogoro