Nyimbo za uani siku ya Jumamosi

Dar es Salaam,
Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza nyimbo zipi zinafaa wazazi na watoto wadogo watakapokusanyika hapo uani kwenu Tanga, nami naanza kwa kukupinga kidogo: nyimbo unazo, tena kunishinda. Fikiria kwanza unamfundisha nani. Mtoto wa miaka miwili haupati wimbo kwa kuusikia mara moja kwa wiki. Anaupata kwa mama anayeuimba akiosha vyombo, au kwa baba anayemvisha kanzu, siku sita zilizobaki. Basi kila wimbo uupime hivi: je, mama huyu ataweza kuuanzisha peke yake kesho asubuhi, bila wewe, bila ngoma? Kama hawezi, uache, hata watoto wakiufurahia vipi.

Nusu saa inatosha, na ndani yake ziingie nyimbo nane au tisa. Mpya zisizidi mbili. Wa kufungulia na wa kuagana usibadilike miezi yote, kwa sababu mtoto mwenye haya huanza kufungua kinywa pale anapojua kinachofuata. Saa tatu na nusu ni saa njema: wadogo wameshakunywa uji, usingizi wa mchana bado, jua halijawa kali, na kaka zao wakubwa wengi wako madrasa.

Sasa sauti, maana hapo ndipo wengi huharibu. Mtu mzima huanzisha chini mno. Sisi wa pwani tunapenda kuimba kwa sauti ya kifuani, na asubuhi koo halijafunguka. Mtoto wa miaka mitatu au minne sauti hizo za chini hana, akizikosa anayasema tu maneno, halafu mama yake anasema, "Huyu hajui kuimba." Anajua, ila wimbo umewekwa asipofika. Dawa yake ni hii: jifanye unamwita mtoto aliye upande wa pili wa ua, "Juuu-maaa!" Silabi ya kwanza inapanda, ya pili inashuka kidogo. Hapo hapo ndipo pa kuanzia. Ukiwa na kinanda cha simu, wimbo ukae kati ya Re (D) iliyo juu ya Do (C) ya katikati ya kinanda na La (A) inayofuata. Sauti ya baba iko chini kwa oktava nzima, yaani ngazi nzima ya kutoka Do hadi Do nyingine, na wapo wadogo wanaopotea wakiitafuta. Mwombe aimbe kwa sauti nyembamba. Atachekwa, si neno.

Usiseme "moja, mbili, tatu" kwa sauti ya kuongea, kila mtu ataingia na lake. Hesabu iimbe, kwenye sauti ile ya kuanzia na kwa mwendo ule ule wa wimbo. Kisha, na hili nakusihi, ukifika kwenye kiitikio nyamaza. Kiongozi anayeanzisha na kuitikia mwenyewe huwageuza wenzake kuwa watazamaji. Wadogo huchelewa kujibu; hesabu hadi nne kimoyomoyo kabla ya kuwasaidia, na wazazi nao waambie wasiwawahi. Wala usipige kelele "Siwasikii!" Watapayuka, na wimbo utakufa. Ukitaka waimbe vizuri, shusha sauti yako mpaka wakutafute.

Wimbo mpya usiukaririshe kama jedwali la kuzidisha. Uimbe wote mara mbili, wao wapige makofi polepole tu. Mara ya tatu wapokee kiitikio, ambacho kisizidi silabi nane. Beti watazidaka wenyewe Jumamosi ya pili au ya tatu. Walio chini ya miaka minne wengi hawawezi kupiga makofi na kuimba kwa pamoja. Ukiona midomo imesimama ujue mikono imeshika kazi, si kwamba wamechoka. Na nyimbo za vitendo, kama ule wa kusimama na kukaa, mwendo wake unaamuliwa na mtoto mfupi kuliko wote: akishakaa chini ndipo useme simama.

Mpangilio wa kukaa: jamvi kubwa, nusu duara, mgongo wako uelekee ukuta. Ukikaa na barabara nyuma yako, watatazama bodaboda. Wazazi wakae chini pamoja nao na kuwapakata wachanga. Ukileta viti, watu wazima watakuwa hadhira, na simu zitatoka. Kitoto kinachotangatanga kiache kitangetange, masikio yake yapo.

Anza kwa nyimbo za vidole, halafu za kusimama, na dakika ya kumi na mbili au kumi na tano iwe kilele cha kurukaruka. Mchezo wa duara kama ukuti ufanyie nje ya jamvi, kwenye udongo, miguu peku, kwani jamvi juu ya saruji huteleza. Baina ya kila wadogo wawili awepo mtu mzima mmoja, na mtoto asinyanyuliwe kwa kuvutwa mkono mmoja: kiwiko cha mtoto wa chini ya miaka mitano huteguka upesi mno. Kuwarudisha chini usihangaike. Sema "Paukwa!" wakujibu "Pakawa!", kisha toa ngano fupi yenye wimbo ndani yake. Malizia kwa wimbo wa kubembeleza. Hapo mpe nafasi bibi yeyote anayejua wa Kisambaa, Kidigo au Kibondei, auimbe kwa namna yake. Ninyi mjifunze kiitikio tu.

Wimbo wa kutaja majina ni mtamu, ila piga hesabu. Watoto kumi na wawili, sekunde kumi na tano kila mmoja, ni dakika tatu. Wakifika ishirini na watano zinakuwa sita na ushei, na wa kwanza ameshaanza kumng'ata jirani. Weka majina matatu kwenye ubeti mmoja.

Kayamba za chupa tengeneza, lakini kwa kipimo. Chupa ndogo ya maji, iliyokauka kabisa, tia vijiko viwili vya choroko au mchele. Ukijaza, haisikiki, maharage nayo yanagonga kiasi cha kufunika sauti za watoto. Kifuniko kitie gundi kali, uzungushie selotepu juu yake, na ukikague kila Jumamosi, maana punje moja kooni kwa mtoto wa mwaka mmoja ni msiba. Zitoe kwa wimbo mmoja tu, katikati, kisha zirudi kapuni kwa wimbo wa kurudisha vitu, wowote utakaoutunga. Ngoma iwe moja, na aipige baba yule anayesimama mlangoni akijifanya amekuja kumsubiri mkewe.

Spika ya kukodi waachie wenye harusi. Wimbo wa kwenye spika haumsubiri mtu. Simu itumie baadaye: rekodi ubeti mmoja na kiitikio, sauti yako peke yake, sekunde thelathini, uwatumie wazazi kwenye WhatsApp jioni ile ile. Wiki ya tatu mwombe mama mmoja aanzishe wimbo badala yako. Akianzisha juu mno au chini mno, usimkatize; ngoja amalize, mwanze upya ukimtolea sauti ya kuanzia.

Mama nisalimie, na umwambie jamvi lake ndilo ninalolizungumzia.

Shoga yako,
Zuhura