YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUFUTWA KWA DISKI YANGU NA KUDHALILISHWA KAUNTANI KWENU

Duka la Spea, Gerezani,
Kariakoo, Dar es Salaam.
18 Mei 2026

Meneja Mkuu,
Tawi la Posta, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika kwa heshima, na nitajitahidi nifike nayo mwisho wa barua.

Ijumaa tarehe 15, saa tano asubuhi, fundi wenu alifuta diski ya kompyuta yangu huku nimesimama mbele yake nikimwambia asifute. Nilimwambia, "Mwanangu, subiri kwanza, data bado haijahamishwa." Akanijibu bila kuinua uso, "Mama, hiyo programu ni ya makumbusho, haifanyi kazi popote." Akabonyeza. Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka.

Masharti ya kupokea kifaa cha mteja mmeyachapa wenyewe nyuma ya risiti, kwa hiyo sina haja ya kuwasomea. Mbele ya risiti hiyo hiyo muuzaji wenu ameandika kwa mkono wake: "Kuhamisha programu na data, imo kwenye bei." Nililipa shilingi 2,900,000 taslimu kwa kompyuta mbili. Ninachoomba ni data yangu irudishwe na fedha za kompyuta hizo zirudishwe, ndani ya siku kumi na nne.

Muuzaji wenu ndiye aliyenishawishi kununua. Aliniambia Windows 10 imeachwa kuhudumiwa tangu 14 Oktoba 2025, hivyo nichukue zenye Windows 11. Nikamjibu kwamba mimi natumia Windows XP ya zamani, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia 8 Aprili 2014, na biashara haijasimama hata siku moja kwa sababu mashine ile haijawahi kuunganishwa na intaneti. Kilichonileta kwenu ni feni iliyoanza kukoroma. Nilimpa sharti moja tu, programu yangu ifanye kazi. Akasema Windows mpya inakubali zote za zamani. Hakuniuliza hata ni programu gani.

Angeuliza ningemwambia ni ya DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, na iliandikwa mwaka 1996. Marehemu mume wangu alimlipa mtu aiandike, halafu akakaa nayo usiku baada ya usiku akiingiza spea moja moja kwa majina wanayotumia mafundi wa gereji, pamoja na namba ya rafu. Zaidi ya aina elfu sita. Mteja akitaja bushi au klachi pleti, naandika herufi tatu, nabonyeza F5, bei inatoka na rafu inatoka, kabla hajamaliza kufuta jasho. Madeni ya wateja yamo humo humo. Ndiyo maana siibadilishi, na si kazi ya fundi wenu kuniuliza kwa nini.

Mtoto wa dada yangu anasoma DIT, chuo cha teknolojia hapa Dar es Salaam. Jioni ile ile alinieleza kwa dakika kumi jambo ambalo duka zima la kompyuta halikulijua. Programu kama yangu ni ya biti 16, yaani imeandikwa kwa mtindo wa kompyuta za zamani. Windows za biti 32 zilikuwa na sehemu maalumu ya kuendesha programu za namna hiyo, lakini za biti 64 hazina, na Windows 11 inatoka ya biti 64 peke yake. Kwa hiyo kule kubofya kulia na kuchagua iendeshwe kama Windows XP, jambo ambalo fundi wenu alilifanya mara tatu huku akipiga ulimi, lisingesaidia hata angelifanya mara mia. Dawa yake ni DOSBox, programu ya bure inayoigiza kompyuta ya DOS, au mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta, inayotengenezwa kwa programu ya VirtualBox na kuwekwa Windows ya zamani. Jumamosi kijana huyo alichukua flashi yangu yenye nakala ya Februari, akaiweka kwenye DOSBox ndani ya moja ya hizo kompyuta zenu mpya. Uso wa bluu ukatokea, na jina la duka juu kama alivyoliandika mume wangu. Nililia. "Haifanyi kazi popote," ndivyo nilivyoambiwa.

Lakini madeni ya flashi yanaishia Februari. Machi, Aprili na nusu ya Mei vilikuwa kwenye diski mliyofuta. Yupo mtu wa Mbagala aliyechukua injini ya Fuso kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi. Namdai kwa ushahidi gani?

Nalirudia la Ijumaa kwa sababu msimamizi wenu alisema ni "kutoelewana". Hapakuwa na kutoelewana. Programu ilipokataa, fundi alisema labda diski ina virusi, ngoja aisafishe. Simu ameibana kwa bega, anaongea habari za mpira. Kwenye skrini lilitokea onyo kwamba data zote zitafutika. Nililisoma mimi, mwenye miaka 61 na miwani ya kusomea, yeye hakulisoma. Niliweka mkono kwenye ukingo wa kibodi. Aliusogeza mkono wangu, Meneja. Aliusogeza kama mtu anayesogeza kikombe, akasema ile ya makumbusho, akabonyeza, kisha akanielekeza kwenye benchi: "Kaa pale mama, tutakuita." Nilikaa hadi saa nane. Msimamizi akaja na flashi mpya, eti zawadi.

Flashi hiyo naambatanisha na barua hii.

Diski bado iko kwenu. Isiguswe tena na mtu yeyote, kwani kilichofutwa kwa haraka mara nyingi huweza kurudishwa mradi kisiandikwe kitu juu yake. Mniletee diski yenyewe dukani, na gharama za mtaalamu wa kuirudisha mlipe ninyi. Humo mna majina na namba za simu za wateja wangu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo. Fedha zangu zirudi zote. Fundi aniombe radhi dukani kwangu, mbele ya wateja, kama alivyonidhalilisha mbele ya wateja, nanyi mniandikie barua yenye mhuri.

Nilisema siku kumi na nne. Nimeisoma tena barua hii na naona ni nyingi. Nawapa siku saba kuanzia leo. Siku ya nane nitakuwa Tume ya Ushindani na risiti yenu, na madeni yote nitakayoshindwa kukusanya nitawadai ninyi mahakamani.

Mteja wenu,
Mwenye Duka la Spea, Gerezani

Nakala: Wakili wangu
Kiambatanisho: Flashi moja, haijafunguliwa