Upanga wa Paulo

Dodoma, Jumapili jioni

Somo yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku hatujambo, ni vumbi tu. Upepo wa Oktoba unaingia hadi chunguni, ukila mlenda unatafuna na mchanga.

Nikusimulie aibu yangu kabla hujaisikia kwa wengine. Jumuiya yetu ilipewa kazi ya kutengeneza bendera ya sikukuu ya somo wa Kanisa Kuu, yaani mtakatifu msimamizi wake, tarehe 19. Nikajitwika mimi. Nikampelekea fundi picha ya Mtakatifu Paulo niliyoikuta kwenye kalenda ya zamani: ndevu ndefu, kitabu mkono huu, upanga mkono ule. Akachora vizuri mno, upanga unang'aa kama umetoka kunolewa. Siku ya kuwaonyesha akina mama, bibi mmoja wa Kigogo akaisogelea, akaugusa upanga kwa ncha ya kidole, akaniuliza, "Mwanangu, huyu umemtoa wapi? Wetu ana kanzu nyeusi na moyo kifuani."

Somo, nilinyamaza. Miaka yote nasema "Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo" na kumalizia hapo. Kumbe "Paulo wa Msalaba" ndiyo jina lenyewe! Mwenye upanga ni Mtume, kwa kuwa alikatwa kichwa kule Roma. Wetu ni Mwitaliano, Paolo Danei, kazaliwa Ovada mwaka 1694, kafa Roma 1775, akatangazwa mtakatifu 1867. Ndiye aliyeanzisha Shirika la Mateso, na mapadre wa shirika hilo ndio walioilea Dodoma tangu miaka ya 1930, haijawa hata jimbo. Ujimbo ulikuja 1953, na jimbo kuu juzijuzi tu, 2014. Wageni wale walituachia baba yao awe somo wetu. Mtume mwenyewe hakuhusika.

Na wewe usinicheke, maana huko kwenu Songea ni yale yale. Waulize watu wa sokoni Mathias wa Kanisa Kuu lenu ni yupi. Wengi watakutajia yule aliyepigiwa kura ashike nafasi ya Yuda. Wenu ni Mathias Mulumba Kalemba, shahidi wa Uganda, aliyekatwa viungo kimoja kimoja kule Kampala mwaka 1886. Mimi nadhani huyo anastahili jina lake litajwe lote, hata kama matangazo ya Misa yatarefuka.

Iliyonimaliza ni hii. Nikauliza mwili wa Paulo wa Msalaba umelazwa wapi, nikaambiwa Roma, katika Basilika la Watakatifu Yohane na Paulo. Nikasema haya, hapo angalau amelala kwa mitume. Wapi! Yohane na Paulo hao ni ndugu wawili, mashahidi wa Roma, wala hawakumo katika wale Kumi na Wawili wala si yule wa nyaraka. Anayelitaka kaburi la Mtume Paulo atoke nje ya kuta za mji wa kale, kwenye basilika lililoungua mwaka 1823 likajengwa upya. La Petro unalijua, lipo Vatikani.

Mama anakusalimu, anauliza kama mahindi ya kwenu yameshashuka bei. Zabibu nitakutumia zikiiva. Safari hii nitamkabidhi mtu ninayemjua, siyo kama zile zilizoliwa njiani.

Bendera ilibebwa, usiogope. Fundi aliupaka upanga rangi nyeusi ukageuka mkunjo wa kanzu, kifuani akaweka moyo mweupe wenye msalaba juu yake. Lakini kwenye maandamano tulipokata kona, jua likaipiga kwa nyuma, upanga wote ukatokeza. Bibi alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akicheka katikati ya wimbo.

Ni mimi,
somo yako