Kwa wanangu wa vyuoni, Unguja na Pemba

Assalaamu alaykum.

Nakuandikieni kutoka Wete, mimi mwalimu mstaafu, kwa sababu ya maneno yanayoniuma: eti wasichana ndio wenye kichwa cha kusoma na kuelewa, na eti mtoto wa shamba hamfikii wa mjini.

Tofauti ipo, siikatai. Katika mitihani ya kimataifa ya PISA ya 2018, ya watoto wa miaka 15, inayotolewa na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi wa nchi nyingi zilizoendelea, ambayo Tanzania haikuwemo, wasichana waliwapita wavulana kwa kusoma katika kila nchi iliyoshiriki. Lakini shirika hilohilo la OECD lilipowapima watu wazima, pengo lilikuwa dogo sana. Ingekuwa ni kichwa, lingebaki palepale.

Mvulana wa kisiwa cha Kojani anaanza mapema kwenda dago, kambi za uvuvi za mbali na nyumbani, pamoja na wavuvi, na wa Wete msimu wa karafuu yuko juu ya mkarafuu. Msichana ana maji, kuni na wadogo zake, ila magharibi ikiingia yumo ndani na daftari liko karibu. Wa mjini ana maktaba ya Maisara na kaka aliyemtangulia chuo. Hapo pana mazoea na nafasi, akili haimo.

Kisha kuna Kiingereza. Nimeona vitabu vyenu: kila neno limeandikiwa maana yake kwa penseli juu, na mwenye kitabu akifika mstari wa tatu, wa kwanza umeshamtoka. Msisome hivyo. Someni aya mpaka mwisho, hata kama maneno matatu hamyajui, kisha fungeni kitabu mumweleze mwenzenu kwa Kiswahili aya imesema nini. Mkishindwa kueleza, hamjaielewa, rudini. Na madesa, hayo maelezo mafupi mnayopeana, yaacheni yawe ya kukumbushia tu. Asiyewahi kumaliza sura nzima ya kitabu atapata tabu kuandika tasnifu.

Wavulana, kaeni na dada zenu katika vikundi vya kusoma na kuelezana hivyo, hakuna aibu. Nanyi mabinti, mwandiko mzuri na kukariri kunakupeni alama, lakini mwalimu akigeuza swali mnakwama. Ulizeni mwandishi amejuaje anachokisema.

Wa mjini nakuombeni moja. Mpemba akisoma kwa sauti darasani, msimcheke lafudhi. Nimewaona vijana wazuri wakichekwa mara moja, wakanyamaza mpaka wakamaliza chuo.

Mzee wenu,
Wete, Pemba